LESENI YA KHULUD: Aliyevaa Barakoa

Tulimwacha Khulud binti Awadh juu ya dari ya nyumba ya watu, Mbezi Luis, mkono wake umeshika barakoa ya mtu asiyemjua.

Mtu huyo alikuwa akipuliza povu la kuzuia joto chini ya bati. Alipuliza kwa jina la Khulud na kwa leseni ya Khulud, katika nyumba ambayo Khulud hakuwahi kuikanyaga kabla ya siku hiyo. Mama mwenye nyumba, mwalimu Avelina, alikuwa hospitali akipumulia oksijeni kwa sababu ya povu hilo hilo. Na chini ya ngazi alisimama mumewe, Theonest, panga mkononi.

Khulud alivuta. Barakoa ikatoka.

"Hudhaifa!"

Naam, msomaji. Mdogo wake. Tumbo moja, titi moja.

Hudhaifa aliachia kifyatulio. Mashine ya kupulizia ikanguruma peke yake huko nje, kisha ikanyamaza.

"Dada, ngoja nikueleze..."

Kofi lilitua kabla sentensi haijafika mwisho. Theonest alilisikia kule chini.

"Unieleze nini? Nani kakufundisha kushika bomba hili?"

"Nimekuonaga wewe ukifanya. Si ngumu."

"Umeniona! Ukimwona daktari anapasua watu, na wewe unachukua kisu?"

"Dada, punguza sauti."

"Nipunguze sauti? Kuna mwanamke kalazwa anatafuta pumzi, halafu mie nipunguze sauti?"

"Shukeni!" Theonest alinguruma kutoka chini. "Shukeni wote wawili, la sivyo napanda mwenyewe!"

Walishuka. Hudhaifa mbele, ovaroli nyeupe imemganda povu mpaka magotini. Theonest aliwatazama nyuso zao, mmoja baada ya mwingine. Pua ile ile. Macho yale yale.

"Kumbe mnajuana."

"Ni mdogo wangu," Khulud alisema.

"Basi nyie ni genge la ukoo! Mke wangu mmemlaza, mkaona haitoshi. Mimi niko wodini nambembeleza ameze uji, nyie mnarudi na ufunguo wangu kumalizia kazi!"

"Kaka Theonest, sikumtuma. Wallahi sikuijua kazi hii mpaka uliponipigia simu ya matusi leo. Nilikuwa Kunduchi, kwenye chumba cha baridi cha wauza samaki. Nimekuja na bodaboda, hata glavu sijabadili."

"Muongo! Leseni ina picha yako. Nimeishika kwa mikono yangu hii. Nikauliza, mama mwenyewe yuko wapi? Nikaambiwa anakuja kusimamia, usiwe na wasiwasi."

"Nani alikuambia?"

"Mzee mmoja. Kanzu nyeupe, mpole, anaongea taratibu. Aliileta mwenyewe, iko kwenye fremu. Akaniambia, hii ni kazi ya familia yangu, baba, wewe lala usingizi."

Khulud alimgeukia Hudhaifa. Hudhaifa alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ni baba?"

Hudhaifa alikwangua povu lililoganda kwenye ovaroli.

"Hudhaifa, nakuuliza. Ni baba?"

"Alisema leseni ni ya nyumba yetu sote," kijana alijibu. "Alisema wewe huwezi kuzimaliza kazi zote peke yako. Wateja wanakuja dukani, wewe uko Kunduchi. Warudi mikono mitupu?"

Wasomaji waliotufuata tangu mwanzo wanajua leseni ile ilipatikanaje. Kwa mgeni wa leo tuseme kwa ufupi. Khulud alisoma, akafeli mtihani wa vitendo, akarudi akafaulu. Mkaguzi alisimama nyuma yake akimtazama anavyopuliza, akimkemea kila mkono ulipotetereka. Alipimwa mapafu. Alikata bima ya kumlinda mteja. Mwishowe alikula kiapo mbele ya bodi inayotoa leseni: leseni ni ya mtu, si ya duka. Haiazimwi, haikodishwi, hairithiwi. Mwenye leseni awepo kazini mwenyewe, na wenye nyumba watoke wote mpaka hewa isafike.

Na baba yake? Mzee Awadh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kinondoni, aliposikia alisema, "Binti yangu apande mabati ya watu kama mwizi wa nyaya?" Ramadhani nzima hakumsemesha. Walifuturu mkeka mmoja, tende anampitishia kwa mkono wa mama.

Leo ile aibu imewekwa fremu, inatundikwa dukani kwake, inapelekwa kwa wateja.

"Mama Avelina alikuwa wapi ulipopuliza mara ya kwanza?" Khulud aliuliza.

"Chumbani kwake."

"Mlango wazi?"

"Alisema anaumwa kichwa, anataka kulala. Mie ningemtoaje mwenye nyumba nyumbani kwake?"

"Ungezima mashine, Hudhaifa! Ungezima mashine ukaenda zako! Ndiyo sheria ya kwanza kabisa, hata karatasi ya mtihani hujaigeuza!"

Theonest alisogea, panga limeinuka. Lakini Khulud alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa amenyanyua pua juu.

"Mnasikia harufu?"

"Usinibadilishie maneno," Theonest alisema.

"Hiyo si dawa. Hiyo ni kitu kinaungua."

Hakungoja ruhusa. Alivaa barakoa aliyomvua mdogo wake, akapanda ngazi. Alivua glavu moja, akaweka kiganja juu ya povu lililokwisha kukauka, karibu na kenchi ya kati inayobeba bati. Akakitoa haraka kama mtu aliyegusa sufuria.

"Hudhaifa! Hapa ulipuliza unene gani?"

Kijana alinyoosha mkono wake, akaonyesha kutoka kifundo mpaka kiwiko.

"Kwa mara moja?"

"Kwa mara moja. Ili tumalize tuondoke."

Povu hili likiumuka linatoa joto lake lenyewe. Fundi wa haki hupuliza tabaka jembamba, akaliacha lipoe, ndipo akaongeza lingine. Ukilirundika lote kwa pupa, joto linakosa pa kutokea. Nje unaona povu jeupe, zuri. Ndani linajipika.

"Kaka Theonest, zima umeme kwenye mita! Kisha nipe hilo panga!"

Mwanamume alisita. Nani anampa adui yake panga?

"Nyumba yako inawaka! Nipe!"

Moshi mwembamba ulichungulia kutoka kwenye ufa wa povu. Theonest aliuona kupitia tundu la dari. Akakimbilia mita, akarudi, akampa Khulud panga kwa mpini.

Khulud alikata. Pigo la kwanza likatoa povu jeupe. Pigo la pili likatoa povu la njano. La tatu likafungua tumbo, na ndani yake mlikuwa na weusi kama mkate uliosahauliwa jikoni, na katikati ya weusi doa jekundu likifumba na kufumbua.

"Pokea! Peleka nje! Mbali na ukuta!"

Mapande yalishuka. Hudhaifa aliyapokea kwa ovaroli, akayakimbiza uani. Theonest aliyamwagia mchanga wa ujenzi, kisha maji. Lile la mwisho lilipasuka moto mikononi mwa Hudhaifa kabla hajafika mlangoni. Akalitupa, akapiga kelele, akashika mkono.

Khulud aliposhuka alikuwa anakohoa, mtandio umetoboka. Kenchi moja ilikuwa imeungua mpaka nyeusi, lakini paa lilikuwa limesimama.

Theonest alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Akipata nafuu kidogo tu, nilikuwa nimwombe daktari anipe mke wangu," alisema. "Nimrudishe humu. Alale humu."

Khulud alijaza maji ndoo nyingine, akamzamisha Hudhaifa mkono ulioungua.

"Umeokoa nyumba, dada. Nimeona. Lakini jina pale kwenye fremu ni lako, na mimi nimeshawaita wenyewe, bodi na polisi."

Wenyewe wakafika. Gari la bodi lilisimama getini, akashuka mkaguzi Brightson, shati limechomekewa, na nyuma yake askari polisi. Brightson ndiye aliyemsimamia Khulud mtihani wake wa vitendo.

"Khulud Awadh. Wewe, kati ya watu wote?"

"Sikuwepo, mkaguzi."

"Hilo ndilo kosa lenyewe. Leseni ipo, mwenye leseni hayupo. Kazi ikifanywa kwa jina lako, aliyeumia ni wako."

"Imeibwa!"

"Nani kaiba?"

Khulud alimtazama Hudhaifa. Kijana alikuwa amekaa chini, mkono ulioungua umezamishwa kwenye ndoo ya maji. Alikuwa analia, na si kwa maumivu tu.

"Mwambie," Khulud alisema. "Mwambie mkaguzi nani alikupa."

Hudhaifa aliuzamisha mkono zaidi majini.

"Dada," alisema. "Dada ndiye alinituma."

Jamani!

Khulud hakupiga kelele. Alichuchumaa mbele ya mdogo wake.

"Rudia," alisema.

"Dada ndiye..." Hudhaifa alishindwa kumalizia.

"Mkaguzi," Theonest aliingilia, "mie leseni sikuletewa na huyu dada. Nililetewa na mzee."

"Mzee gani?"

"Baba yetu," Khulud alisema. "Twendeni Kinondoni. Sasa hivi. Nataka anitazame usoni aseme."

Wakapanda wote gari la bodi: Brightson na askari mbele, Theonest na ndugu wawili nyuma. Foleni ya Ubungo iliwakalisha juani. Humo garini Khulud alimwinamia mkaguzi.

"Nikuulize. Kila mwaka mnanikagua mie. Mashine yangu, mapafu yangu, bima yangu. Hawa wanaopuliza bila chochote, mnawakagua lini?"

"Tunawakuta wakishaumiza watu," Brightson alijibu.

"Na mnasema hivyo bila haya?"

Mkaguzi alipiga honi.

Duka la Mzee Awadh lilikuwa limejaa wateja wa alasiri, mmoja anataka misumari, mwingine bawaba. Mzee alikuwa nyuma ya kaunta, kanzu imenyooka, kofia ya kufuma. Ukutani juu ya kichwa chake, kwenye fremu ya dhahabu, picha ya Khulud ilitabasamu katikati ya leseni.

"Shikamoo, mzee," Brightson alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Hudhaifa, mkono una nini?"

Theonest alimnyooshea kidole. "Ndiye huyu! Ndiye aliyeniambia nilale usingizi!"

Mteja wa bawaba akaiweka bawaba chini.

"Mzee," Brightson alisema, "leseni ya binti yako imetumika kwenye kazi iliyomlaza mtu hospitali, na leo nusura iteketeze nyumba. Nani aliitoa hapa ukutani?"

Mzee Awadh alimtazama askari. Akamtazama Hudhaifa. Mwishowe akamtazama binti yake, na Khulud akadhani, kwa kitambo kidogo tu, kwamba sasa atasema kweli.

"Mambo ya leseni ni ya Khulud mwenyewe," mzee alisema taratibu. "Alimtuma mdogo wake. Mie niliwasihi, nikasema, wanangu, hii ni hatari. Mzee wa zamani, nani atanisikiliza? Kwa mteja nilipeleka tu nilichoambiwa nipeleke."

"Baba!"

"Usinipandishie sauti mbele ya watu."

"Nitaipandisha! Nitaipandisha mpaka msikitini waisikie! Nilipokwenda kusoma uliniambia naitia doa nyumba. Nilipofeli ulishukuru Mungu kwa sauti. Nilipofaulu ukanigeuzia mgongo mwezi mtukufu. Leo doa limekuwa na faida unalitundika juu ya kichwa chako, na linapoua unanirudishia mie!"

"Hakuna aliyekufa."

"Bado!" Theonest alifoka.

Pazia la nyuma ya duka likafunguka. Badriya, mama yao, alisimama pale na buibui lake, mkono mdomoni. Alikuwa amesikia kila neno.

Brightson alitoa karatasi kwenye mkoba wake, akaiweka juu ya kaunta.

"Sikiliza, Khulud. Sheria inakupa mlango mmoja. Mwenye leseni anaweza kulalamika kwamba imetumiwa bila ridhaa yake. Ukitia saini, ninaowachukua ni baba yako na mdogo wako. Usipotia saini, ninayemchukua ni wewe. Leseni inafutwa leo, na kesi ukiwa mahabusu, gereza la Segerea."

Badriya alikuja mbio. Alimshika Khulud mabega.

"Mwanangu. Mwanangu, msitiri baba yako. Ni mtu mzima. Presha yake unaijua."

"Na mie, mama? Mie ananisitiri nani?"

"Wewe bado mdogo, utaanza upya."

"Nianze upya nini? Mapafu? Jina?" Sauti ya Khulud ilipasuka. "Mama, ulikuwa unajua?"

Badriya alishusha macho.

"Ulikuwa unajua! Kila nikitoka kwenda kazini unanipa chai, unaniombea dua mlangoni, na fremu huku dukani ukutani hamna, na unajua iko wapi!"

"Ningefanya nini? Ni mume wangu."

Khulud alimtoa mama yake mikono begani, polepole, kama anayemvua mtu nguo iliyomnasa. Akamwambia askari, "Nipe kalamu."

"Khulud," Mzee Awadh alisema. Upole wote ulikuwa umemtoka. "Ukiandika hapo, huna baba."

"Sina tangu Ramadhani ile."

Akatia saini. Akapanda juu ya stuli, akaitoa fremu ukutani, akaivunja kwenye ukingo wa kaunta, akachomoa leseni yake kwenye vioo. Kidole kikamtoka damu. Hakukitazama.

Askari alizunguka kaunta. Mzee Awadh, ambaye Kinondoni nzima humpisha njiani, aliunganishwa mikono kwa pingu mbele ya wateja wa misumari. Hakupinga. Alikuwa akimtazama binti yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza, na hampendi anayemwona.

"Na wewe," askari alimwambia Hudhaifa. "Simama."

Hudhaifa hakusimama. Alikuwa ameegemea magunia ya saruji, uso umepauka.

"Dada. Lile povu la leo. Lilianza kuungua baada ya muda gani?"

"Kwa nini?"

"Nijibu tu."

"Inategemea. Saa kadhaa. Laweza kukaa kimya mchana kutwa. Kwa nini unauliza?"

"Hudhaifa!" Mzee Awadh alifoka. "Funga mdomo!"

Duka zima likamgeukia mzee. Hata Badriya.

"Nifunge mpaka lini, baba?" Hudhaifa alijiinua kutoka kwenye magunia. "Mbezi Luis haikuwa ya kwanza leo. Tulianzia kwingine. Alfajiri. Baba alisema tuwahi kabla hawajafungua."

"Hawajafungua nini?" Khulud alimshika ukosi. "Wapi?"

"Segerea. Shule ya chekechea. Darasa lao kubwa lile, wanalolala mchana." Machozi yalimshuka mpaka kidevuni. "Nilipuliza unene ule ule, dada. Na madirisha niliyafunga mwenyewe, mwalimu mkuu alilalamika vumbi."

Theonest aliangusha kiti.

"Namba!" Brightson alifoka. "Namba ya mwalimu mkuu!"

"Anaitwa Anjelina. Iko humu." Hudhaifa alitoa simu kwa mkono mzima, ikamponyoka, ikaanguka. Khulud aliiokota, akaibonyeza, akaweka sauti ya nje.

Iliita. Ikakatika.

Akapiga tena, huku anarudi nyuma kuelekea gari, Brightson akiwa ameshachomoa funguo. Iliita, ikaita.

Ikapokelewa.

"Mwalimu Anjelina! Toa watoto nje! Unanisikia? Toa watoto wote nje ya darasa sasa hivi!"

Hakuna aliyejibu. Simu ilikuwa wazi, labda imeanguka sakafuni, labda imeshikwa na mkono usiojua kitu.

Kilichosikika kwenye simu ni kikohozi. Kikohozi chembamba, cha mtoto mmoja.

Kisha cha mwingine. Kisha cha darasa zima.